Pindo la Koti la Mama

Padova, 15 Oktoba 2000

Dada Axenia,

Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji Pantelei, na mama naomba umbusu mikono kwa niaba yangu, yote miwili. Mimi hapa ni mzima. Bi Ottavia ninayemtunza naye mzima kwa kiasi chake: asubuhi ananiita kwa jina la binti yake, mchana ananiita mwizi, jioni analia anataka arudishwe kwao, na kwao ni hapahapa. Nimeshamzoea. Donatella, huyo binti yake, ametia simu kufuli, kwa hiyo msihangaike kupiga. Barua za posta hazifiki. Tuendelee na Serafim na basi lake dogo, angalau yeye tunajua nyumbani kwake.

Leo Jumapili nimetoka kule uwanjani yanakoegeshwa mabasi ya kwetu. Ungedhani ni mnada wa ng'ombe. Wanawake na vifurushi, mafuta ya kupikia, kahawa, baiskeli ya mtoto, hata mashine ya kufulia. Serafim anapima kwa mkono tu. "Hiki ni kilo ishirini, mama, usinidanganye, mkono wangu haujawahi kukosea." Na yule mama anamjibu, "Haujawahi kukosea kwa faida yangu." Fedha anazipokea pembeni, anakata asilimia tano yake, anaandika jina. Hataki mtu afiche noti ndani ya mzigo. Anasema wakizikuta mpakani, atakayelala ndani ni yeye.

Nimempa koti la mama. Si mtumba, nimelinunua dukani. La sufu, kahawia iliyoiva, bitana ya hariri, pindo pana. Axenia, mwambie alivae kila siku. Kila siku, hata akienda kuwalisha kuku. Asilitunze.

Najua mnasubiri lile jambo la daktari. Sijalisahau, ndilo ninaloamka nalo. Mwambie mama asiwe na wasiwasi, fedha zitamfikia yeye mwenyewe mkononi mwake. Nasikia lile paa jipya halivuji. Vizuri.

Mdogo wako,
Zina


Cotu Vechi, 5 Novemba 2000

Zina mdogo wangu,

Mikono nimeibusu, yote miwili kama ulivyoagiza. Mama kacheka: "Huyu Zina ananifanya askofu." Pantelei anakusalimu. Zabibu tumekamua, mvinyo unachemka pipani, mwaka huu mkali kidogo. Shamba la ushirika limemlipa Pantelei sukari badala ya mshahara, magunia mawili. Kwa hiyo ukisikia tumekufa, hatukufa kwa kukosa utamu.

Koti limefika. Mama kalivaa, kajizungusha mbele ya kioo, kamwita jirani yetu Glafira aje kuona. Glafira kalipapasa begani, kasema, "Binti yangu yuko Bologna, na koti kama hili sijatumiwa." Neno hilo lilimfurahisha mama kuliko koti lenyewe. Kisha kalivua. Tangu siku hiyo sijaliona mwilini mwake.

Sasa la daktari, kwa kuwa wewe umeligusa kwa ncha ya kidole. Nilikuandikia kiangazi na narudia: uvimbe uko tumboni na bado haujasambaa. Anataka kumpasua kabla ya mwisho wa Januari. Anataka marki elfu tatu za Kijerumani, zote, kabla hajashika kisu. Anasema lei, fedha zetu za hapa, nikawashie jiko. Nilimwomba alipwe kidogokidogo, akanitazama kama niliyemwomba figo yake.

Unaandika fedha zitamfikia mama mwenyewe mkononi. Kwa mkono wa nani? Anayempeleka mjini ni mimi. Anayesubiri kwenye korido ni mimi. Na kuhusu paa, ni kweli halivuji. Kabla yake mama alikuwa akilala na beseni juu ya tumbo.

Dada yako,
Axenia


Padova, 26 Novemba 2000

Dada Axenia,

Nawasalimu nyote. Huku mvua na ukungu, Bi Ottavia amekohoa wiki nzima na mimi nimekohoa naye. Ninapumzika Alhamisi mchana na Jumapili. Alhamisi huwa nakwenda kukaa na wenzetu bustanini, tunakula mbegu za alizeti na kuwasengenya mabibi zetu. Ndiyo anasa yangu.

Unasema hujaliona koti mwilini mwa mama. Mbona halivai? Tafadhali sana msomee mwenyewe maneno haya, polepole, kisha mwachie barua aishike.

Mama, lile koti lina joto ambalo hutalijua mpaka ukae nalo. Livae, keti nalo, halafu pitisha mkono chini kwenye pindo. Chini kabisa, mama, lizungushe lote kwa vidole. Utajua mwanao amekufanyia nini.

Hayo tu. La daktari liko vizuri, naomba usiniulize zaidi, barua hizi zinapita mikono mingi. Mke wa Serafim anazipanga mezani kwake kabla hamjaja kuzichukua, na jicho analo.

Zina


Cotu Vechi, 17 Desemba 2000

Zina,

Salamu za hapa ni za baridi. Theluji imefika dirishani. Pantelei ameteguka mgongo akipasua kuni. Mama amekonda, na usiku anauma shuka ili sisi tusimsikie, nasi tunamsikia.

Nilimsomea maneno yako kama ulivyotaka, polepole. Alitoa machozi, kisha akacheka. "Tangu lini Zina anajua kushona? Alinishonea mfuko wa mto mara moja, manyoya yakatoka wiki hiyohiyo." Nikamwambia, mama, livae basi, mtoto amesisitiza. Akasema halivai. Amelikunja, amelitia sandukuni chini ya dirisha, pamoja na vitu vyake vya kifo: mshumaa, taulo, gauni la buluu, viatu ambavyo havijakanyaga ardhi. "Koti zuri namna hii ni la safari. Nitafika mbele ya baba yenu nimevaa kama mtu." Nilibishana naye mpaka akageukia ukuta. Nawe unamjua akigeukia ukuta.

Ng'ombe tumemuuza. Tumepata marki mia mbili na themanini. Daktari kasema tukizipata nyingine ndipo tuzilete.

Zina, sisi tunakuomba fedha, wewe unatuandikia koti. Barua mbili koti, pindo, joto, vidole. Kama huna, sema huna. Nitauza nyumba, nitakwenda kukopa kwa watu nisiotaka kuwaona. Lakini nijue. Usinifanye nikae nangoja Serafim kila wiki pale barabarani, nimesimama na wale wanaopokea vyao, halafu nirudi na kopo la kahawa.

Axenia


Padova, 7 Januari 2001

Axenia dada yangu,

Leo Krismasi ya kwetu Waorthodoksi na sikusalimii, utanisamehe. Barua yako nimeipata dakika hii, Serafim bado anapakia, naandikia juu ya goti.

Fungua sanduku la mama. Leo hii. Toa koti, kata pindo kwa mkasi kuanzia mshono wa nyuma. Marki elfu tatu zimo humo, zote, nimezizungushia mfuko wa plastiki na kuzishona mstari mzima kulizunguka koti. Zimo tangu Oktoba. Mpeleke mama kwa daktari kesho asubuhi, usingoje mtu, usimwambie Glafira.

Niliogopa njia. Mwezi ule wa Septemba majambazi walisimamisha basi moja huko Hungaria, wakawavua watu mpaka soksi. Na asilimia tano ya Serafim ni marki mia na hamsini, kwangu si kitu kidogo. Ndiyo maana.

Kimbia, Axenia.

Zina


Cotu Vechi, 18 Februari 2001

Zina,

Mama alituacha Ijumaa, tarehe tisa, asubuhi, Pantelei akiwa zizini na mimi nikiwa nimemshika kichwa. Tumemzika Jumapili.

Nilikwenda mjini kukupigia simu. Akapokea mwanamke. Nikasema Zina, Zina, mama, maneno ambayo nilidhani hata mawe yanayajua. Akasema kitu kifupi akakata. Nikapiga tena, haikupokewa. Barua hii nampa dereva mwingine, kwa sababu basi la Serafim wamelifungia kwenye yadi ya forodha huko Hungaria tangu Januari, yeye na mizigo yote, eti karatasi zake zina kasoro. Kutoka kwako sina neno tangu ile barua ya Novemba.

Nyumba nilitaka kuiuza, nikachelewa. Mnunuzi alikuja Jumatatu, mama akiwa ameshaanza kuongea na baba.

Ardhi ilikuwa jiwe. Pantelei na majirani walichoma matairi juu yake mchana kutwa ndipo sepetu ikaingia. Mama aliagiza apambwe vizuri, tukampamba. Wanawake walimwosha, mimi nilikaa nje, si unajua mwana wa marehemu haruhusiwi. Walimvika gauni la buluu na viatu, na juu yake koti lako. Nilimsikia Glafira akisema, "Kweli hiki ni kitu cha Italia, angalia lilivyo zito." Alipendeza, Zina. Alikuwa mdogo ndani yake, lakini alipendeza.

Kila njia panda na kwenye daraja tulitandika taulo na sarafu, ili alipie forodha za juu ambazo roho huzipita, asikwame kwenye geti lolote. Sarafu nilikopa kwa Glafira. Niliona haya. Mtu ana binti Italia, naye anavushwa kwa sarafu za kukopa. Hilo sitakuficha, nilikulaani pale darajani, kwa sauti ndogo.

Axenia


Padova, 4 Machi 2001

Axenia,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa sakafuni. Bi Ottavia alikuja na fimbo yake, akanipapasa kichwa, akauliza nani amekufa. Nikamwambia mama. Akasema, "Mama yangu pia?" Tukalia wote wawili, kila mtu na wake. Donatella amenipa nusu siku, na amenikata nusu siku.

Sina mahali pa kuwasha mshumaa. Kanisa la karibu si letu, lakini nimeuwasha humohumo. Mama wa watu, mdogo ndani ya koti. Kila nikifumba macho namwona hivyo.

Sasa naomba unijibu jambo moja kabla ya yote. Barua yangu ya Krismasi imefika lini? Maana humo nilikuandikia kwamba marki elfu tatu za daktari zilikuwa ndani ya pindo la koti. Serafim ameachiwa, anasema amegawa kila kitu mwishoni mwa Februari. Nijibu imefika lini. Na uniambie mama amezikwa na koti likiwa vilevile kama nilivyolituma.

Zina


Padova, 25 Machi 2001

Axenia,

Jumapili tatu nimesimama pale uwanjani kama ombaomba. Jumapili tatu Serafim ananitikisia kichwa. Leo nimemshika mkono nikamwambia aseme kweli, dada yangu alipata barua au hakupata. Akasema, "Nilimpa mwenyewe, mkononi. Aliisoma palepale, akakaa chini kwenye theluji. Mke wangu akatoka na chai, akaikataa." Nikauliza alisema nini. "Aliinuka akaenda zake."

Kwa hiyo unajua. Unajua na umenyamaza. Mtu ambaye hana la kuficha huandika, Axenia, hata mstari mmoja.

Mwaka juzi nilituma marki mia nne za vipimo vya mama, nikaambiwa zimekuwa mabati. Nikajisemea haya, wanalala pakavu. Sasa nauliza, hizi zimekuwa nini? Nani alilikunja koti, nani alilitoa sandukuni, nani alimpa Glafira amvike? Mama ndiye aliyesema halivai, au wewe ndiye uliyeandika kwamba mama amesema?

Nusu ya fedha hizo nilikopa kwa Donatella. Nafanya kazi bila mshahara mpaka Agosti kumlipia mama daktari ambaye hakumwona. Kama kweli zimo kaburini, zitoeni. Kama hazimo, niambie tu. Mama ameshakufa, hakuna tena la kuharibu.

Zina


Cotu Vechi, 8 Aprili 2001

Zina,

Ulizitaka, zimekuja. Serafim anazo, marki elfu tatu, zihesabu mbele yake. Asilimia tano yake nimemlipa mimi kwa fedha za ng'ombe, kwa hiyo yako haijapungua hata noti moja.

Barua yako ya Krismasi ilinifikia mama akiwa chini ya ardhi zaidi ya wiki mbili. Mwulize Serafim, maana neno lake kwako ni zito kuliko langu. Siku ileile nilikwenda kwa padri Ilarion, nikampigia magoti, nikamwambia fungua kaburi. Akasema, "Mama yako bado yuko safarini. Mpaka arobaini itimie anapita forodha moja baada ya nyingine. Unataka umvue mtu koti akiwa mpakani?" Nikasema nitangoja avuke. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya, Zina, wakati wewe unahesabu Jumapili zako. Na nilijua unaniita mwizi hata kabla hujaniita. Nilianza barua kadhaa. Kila nikifika mahali pa kusema "fedha zimezikwa", naona hakuna mtu chini ya jua atakayeamini, nami mwenyewe nisingeamini.

Arobaini ilipotimia, padri akakataa tena, halafu akakubali. Nilitaka ifanyike mchana, Jumamosi, mbele ya watu. Nilimwita Glafira na wale wanawake waliomwosha mama, nikitaka mashahidi watatu. Kijiji kizima kilikuja bila kuitwa. Vijana walikaa juu ya ukuta wa makaburi. Mmoja akasema, "Haya, twende tuone marki zimeota ngapi." Mke wa Serafim akasema, tena kwa sauti, "Mimi nilimwambia mume wangu, hawa dada wawili watakuja kufukuana." Pantelei alitupa sepetu akasema hachimbi. Nikaichukua mimi. Akaninyang'anya, akachimba, na tangu siku hiyo hajaongea mezani.

Hakuna aliyetaka kumgusa, nikashuka mwenyewe. Nilichokiona sikuandikii. Hicho ni changu, utaniachia. Nilikata pindo kwa mkasi kuanzia mshono wa nyuma, kama ulivyoelekeza. Mfuko ulikuwa mzima, noti kavu. Glafira alizihesabu kwa sauti juu ya jeneza mpaka elfu tatu, na watu wakasogea kuona, maana wengi wao hawajawahi kuziona nyingi hivyo pamoja. Kisha kikongwe mmoja nyuma akasema, "Masikini, alikuwa tajiri kuliko sisi sote." Wakacheka. Walicheka, Zina, na mimi niko shimoni.

Sasa nikwambie nilichokifikiri humo, kwa sababu nilipata nafasi ya kufikiri.

Nani angetafuta fedha kwenye koti la mama mgonjwa? Majambazi wa Hungaria? Safari ileile Serafim alibeba fedha za wilaya nzima, na zilifika zote. Glafira alipokea za binti yake siku tuliyopokea koti, nilimwona akizitia kifuani. Asilimia tano? Ungeniambia, ningeuza ng'ombe mapema. Wote hao hukuwaficha. Ulinificha mimi. Uliogopa zitakuwa mabati. Ulitaka mama azipate mwenyewe gizani kwa vidole, mimi dada mtu nisijue, nami ndiye niliyekuwa nikimsomea barua zako kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni herufi. Ulimwandikia siri mtu asiyeweza kusoma, ukaipitisha mdomoni mwangu.

Novemba yote zilikuwa chumba kimoja na kitanda chake. Desemba yote. Nilikuwa nikimkanda tumbo kwa chupa ya maji ya moto, na fedha za daktari ziko chini ya dirisha, na mimi hapo nafuta vumbi juu ya sanduku. Neno moja lingetosha. "Axenia, fungua pindo." Ulikuwa na barua mbili za kuliandika, ukaandika joto.

Mabati ya mia nne umenikumbusha mara mbili. Sitakukumbusha haya mara mbili. Mara hii moja inatosha.

Axenia


Padova, 29 Aprili 2001

Axenia,

Nimezipokea. Nilizihesabu mbele ya Serafim kama ulivyotaka, naye alikuwa anatazama pembeni. Donatella amechukua nusu yake. Alizinusa, akauliza zilikuwa zimewekwa wapi, nikasema ardhini. Akasema, "Kwenu bado mnafukia fedha?" Nikasema ndiyo.

Ni kweli. Nilikuficha wewe. Nilijiambia ni majambazi, nikajiambia ni asilimia tano, na kila nilipoanza kuandika "fungua pindo" niliona mabati. Nilitaka mara moja tu kitu changu kifike kwa mama bila kupita kwako, mama aseme ni Zina aliyeniponya. Nilitaka aseme hivyo mbele yako. Sasa umejua lote, nami sina lingine.

Nusu iliyobaki iko chini ya godoro. Siwezi kuila. Nikikutumia utairudisha, najua.

Sikuombi msamaha kwa barua, utakuwa upuuzi. Lakini nina swali moja, nalo halinipi usingizi. Ulipolikata pindo, bitana ilibaki ikining'inia? Mama hakuwa akitoka nje hata na kifungo kimoja kimelegea. Ulilishona tena?

Zina


Cotu Vechi, 13 Mei 2001

Nililishona, humohumo shimoni, watu wakingoja. Padri aliniambia nitoke, marehemu hana haja ya pindo. Nikamwambia ana binti Italia, ataniuliza.

Axenia